Ngoma Yenye Hasira: Msimu Mmoja na Kikundi cha Mwazindika Mjini Voi

Waswahili husema kwamba ngoma ya watoto haikeshi. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwabeza wachanga, kwamba jambo walilolianzisha litazimika kabla ya jogoo kuwika kwa kuwa hawana subira wala ujuzi. Katika mashindano ya ngoma ya shule zetu methali hiyo imegeuka kanuni: ngoma ya watoto haikeshi kwa sababu mwamuzi ana saa mkononi, na muda ukizidi alama hupunguzwa. Insha hii inahusu ngoma moja ambayo kwa asili yake ilikesha, watoto walioicheza bila kukesha, na swali lililonikaa moyoni msimu mzima nilipokuwa mkufunzi wao. Ngoma ikishatolewa katika tukio lililoizaa, ikapewa jukwaa, saa na alama, hubaki nini ndani yake ambacho sisi wanafunzi wa fasihi simulizi tunaweza kukitetea?

Kabla ya kujiunga na masomo ya uzamili nilifundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari ya kutwa mjini Voi, nikiwa mmoja wa walimu walioajiriwa na bodi ya shule. Katika muhula wa pili wa mwaka 2023 mwalimu aliyekiongoza kikundi cha ngoma alihamishwa, na jukumu lake likaniangukia mimi. Sababu iliyotolewa katika kikao cha walimu ilikuwa fupi: huyu ni mtu wa fasihi simulizi. Kwa wenzangu fasihi simulizi na ngoma vilikuwa kitu kimoja, nami sikuona haja ya kubishana nao. Nilikabidhiwa wanafunzi 32, ngoma tatu, furushi la sketi za mkonge zilizoanza kunyonyoka, na ratiba ya Tamasha la Muziki la Kenya. Tamasha hili, ambalo historia yake inaanzia mwaka 1927, hupandwa kama ngazi: kutoka zoni hadi kaunti ndogo, kutoka hapo hadi kaunti, kisha eneo, na hatimaye taifa. Katika kila kidato cha ngazi hiyo wengi hubaki chini, na wachache hupanda.

Ili msomaji auelewe uzito wa yaliyofuata, yafaa nieleze kidogo kuhusu Voi. Huu ni mji uliokuzwa na reli. Reli ya Uganda ilipita hapo mwishoni mwa karne ya 19. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia tawi la kuelekea Taveta lilijengwa kwa ajili ya majeshi yaliyopigana na Wajerumani mpakani. Na mwaka 2017 reli mpya ilileta stesheni mpya. Kila reli ilikuja na watu wake, na mashamba ya mkonge yakaongeza wengine. Mlima Sagalla unauangalia mji kutoka upande mmoja, na hifadhi ya Tsavo Mashariki imeukumbatia kutoka upande wa pili. Milima ya Dawida, ambako ndiko kwenye chimbuko la Kidawida, iko magharibi, juu ya Mwatate, ambako barabara hupanda hadi Wundanyi kwenye ukungu. Kwa hivyo mtoto wa Voi huzaliwa chini ya milima ambayo huenda si ya babu zake. Katika kikundi changu waliozungumza Kidawida nyumbani hawakufika nusu. Waliobaki walikuwa Wasagalla, Wataveta, Wakamba, Waluo, Wagiriama na msichana mmoja Msomali ambaye alicheza kuliko wote. Lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili, na ngoma yao ya pamoja ikawa ya Wataita.

Ngoma yenyewe ilikuwa Mwazindika. Kwa wale ambao hawajaiona, huendeshwa kwa ngoma kubwa zenye mlio mzito, unaosikika kifuani kabla ya kusikika masikioni. Wazee waliotufundisha walieleza kwamba zamani ilipigwa kwa ajili ya mtu aliyepagawa na pepo, hasa mwanamke, na kwamba haikuachwa hadi pepo atulie, hata kama ni usiku kucha. Niliposoma baadaye kazi za mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyefanya utafiti katika milima ya Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, nilikuta mambo yaliyokaribiana na maneno ya wazee hao. Makala yake ya mwaka 1957 yanahusu saka, hali ya kupagawa iliyowapata hasa wanawake walioolewa, ambayo ngoma ilikuwa sehemu ya tiba yake. Kitabu chake cha mwaka 1978 kinaichambua dini ya jadi ya Wataita kuwa, kwa kiini chake, ni dini ya kutoa hasira. Hasira iliyofichwa moyoni, iwe ya mtu aliye hai au ya mzimu, ndiyo iliyoaminiwa kuleta maradhi na mikosi, na dawa yake ilikuwa kuitamka na kuitema.

Lugha yetu ina hekima katika jambo hili. Neno moja, ngoma, hubeba ala, wimbo, mchezo na shughuli yenyewe, kana kwamba walioliunda walikataa kuvitenganisha. M. M. Mulokozi naye, katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi yaliyochapishwa katika jarida la Mulika mwaka 1989, alisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio, na kwamba hutawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio, mahali na wakati. Kila mwanafunzi wa Kiswahili ameyakariri mambo hayo. Jaribu, msomaji, kuyahesabu ukiwa nyuma ya jukwaa la mashindano. Fanani ni mtoto aliyevaa sare ya shule chini ya sketi ya mkonge. Mahali ni bwalo la chakula la shule mwenyeji, bado linanuka maharagwe. Wakati ni saa nne asubuhi. Tukio lililoizaa ngoma halipo, kwa maana hakuna mgonjwa. Hadhira ni waamuzi wenye kalamu pamoja na mamia ya wanafunzi wa shule pinzani wanaoomba kimoyomoyo uteleze. Katika siku moja, juu ya jukwaa lilo hilo, nimeona kifudu cha matanga cha Wamijikenda kikifuatwa na chakacha ya harusi, kisha sengenya, kisha sisi na pepo wetu asiyekuwapo. Kati ya mambo sita ya Mulokozi limebaki moja tu, yaani fani, nalo limepunguzwa ili litoshe katika muda.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaodhani kwamba mashindano ni ugonjwa ulioletwa na shule. Pwani ya Afrika Mashariki ina historia ndefu ya ngoma za kushindana. Beni, ambayo T. O. Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975, ilichipuka katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaiga bendi na gwaride za wakoloni, ikasambazwa na askari na wapagazi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na huko Tanganyika makundi ya Marini na Arinoti yakapimana nguvu kwa mavazi, vyeo na hatua zilizonyooka. Yeyote aliyewahi kukifundisha kikundi cha shule kuingia jukwaani kwa mistari miwili, kuvunja mistari kuwa duara na kutoka bila kugongana atawatambua watu wa beni kuwa ni ndugu zake. Tofauti ni kwamba hadhira ya beni ilijua kilichogombewa. Kilikuwa heshima ya mtaa wake yenyewe, na kila mtazamaji alikuwa na upande. Kwa hiyo swali langu halikuwa iwapo ngoma ishindanishwe. Lilikuwa ni nani anayeitazama, na anataka nini kwake.

Mazoezi yetu yalianza saa kumi jioni baada ya vipindi, yakakoma saa kumi na moja na nusu bila kujali tulipofikia. Sababu ilikuwa ndovu. Baadhi ya wanafunzi hutembea kwenda kwao kando ya mashamba na vichaka ambako ndovu wa Tsavo hupita jioni wakitafuta maji na mazao, na hakuna mzazi wa Voi anayefanya mzaha na jambo hilo. Basi tulikuwa na saa moja na nusu. Robo saa ya kwanza ilikwenda kwenye moto. Tuliukoka kwa vijiti nyuma ya jiko la shule, tukaziotesha ngoma hadi ngozi zikakaza. Wavulana wawili walikuja kuwa mabingwa wa kazi hiyo. Waligonga ngozi kwa kidole kimoja, wakainamisha sikio, na kutamka hukumu ambayo hata mimi sikuithubutu kuipinga: bado, au tayari. Baada ya hapo tulifundisha miguu kabla ya mabega, na mabega kabla ya sauti, kwa kuwa anayeimba huku akihesabu hatua huimba hesabu. Njuga zilikuwa chache, zikafungwa kwa zamu. Wengine walicheza kimya, na kwa njia hiyo tuligundua ni nani hasa aliyeshika mapigo na ni nani aliyejificha nyuma ya kelele za mwenzake.

Jioni moja mwanafunzi wa kidato cha tatu, akiwa bado anahema, aliniuliza swali la Karatasi ya Tatu. "Mwalimu, kwenye mtihani tunaandika kwamba hadhira tendi hushiriki na hadhira tuli husikiliza tu. Hawa waamuzi tuwaweke wapi?" Wenzake walicheka. Nilimwambia alihifadhi swali lake, kwa maana lilikuwa zuri kuliko jibu lolote nililokuwa nalo.

Mwimbishaji wetu alikuwa msichana wa kidato cha tatu. Wazazi wake ni Waluo. Babu yake alifika Voi kwa kazi ya reli na hakurudi. Msichana huyu alizaliwa Voi, akakulia mtaa wa Kaloleni, na Kidawida alikiokota kama watoto wanavyookota lugha, katika michezo, kwa majirani na kanisani. Sauti yake ilikuwa na kitu ambacho sikumfundisha. Alianzisha wimbo kana kwamba anamwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, kisha alinyamaza kama anayesubiri kweli kujibiwa. Nyuma yake alisimama msichana wa kidato cha pili, mzaliwa wa milimani, ambaye Kidawida ni lugha aliyonyonya kwa mamake. Naye alikuwa na sauti nzuri. Tangu mwanzo aliamini kwamba nafasi ya mbele ilikuwa yake, na hakuna aliyeweza kusema kwamba imani hiyo haikuwa na msingi.

Katika ngazi ya kaunti tulishika nafasi ya pili, tukafuzu kwenda ngazi ya eneo. Karatasi ya waamuzi ilisifu ngoma, ikasifu miguu, kisha mmoja wao akaandika kwamba matamshi ya mwimbishaji si ya asili. Maneno hayo machache yalisafiri haraka kuliko basi letu. Tulipofika shuleni tayari kulikuwa na walimu na wazazi waliosema abadilishwe kabla hatujateremka baharini kukutana na kaunti nyingine tano za Pwani. Tulikuwa na majuma mawili. Wale wasichana wawili waliacha kusemezana. Hilo lingeweza kubaki jambo lao, lakini katika ngoma hakuna jambo la watu wawili. Kiitikio kilianza kuchelewa, kwa muda mdogo kuliko ule wa kupepesa jicho, na kila mtu alisikia.

Napenda kuwatendea haki waliotaka abadilishwe, kwa sababu hoja yao haikuwa ya chuki tu. Kidawida kinawaponyoka watoto wa mjini. Wanakisikia kwa nyanya zao likizoni, wanajibu kwa Kiswahili. Jukwaa la tamasha ni mojawapo ya mahali pachache ambapo lugha hiyo husikika hadharani kwa heshima na kupigiwa makofi. Ikiwa hata hapo mtoto anayeizungumza tangu utotoni ataambiwa asimame nyuma, atasimama mbele wapi? Hoja hii ni nzito, na sisi tunaojiita watetezi wa Kiswahili tunapaswa kuisikia zaidi ya wengine, kwa maana lugha inayomeza nafasi ya Kidawida mjini Voi ni hii yetu.

Kwa upande mwingine nilijiuliza asili ni nini katika ngoma ya pepo. Katika maelezo ya Harris, saka haikuwatokea wanawake kwa sababu ya mambo ya kale pekee. Ilihusiana pia na tamaa na hofu ya vitu vigeni, vya dukani na vya mjini, ambavyo wanaume walikwenda kuvifanyia kazi mbali na nyumbani. Yaani wakati Wataita walipokuwa wakiicheza ngoma yao kwa dhati kabisa, walikuwa wakiicheza ili kukabiliana na kilichotoka nje. Ngoma ya namna hiyo inamjua mgeni, na kwa kweli ilimfanyia kazi. Kumfukuza mjukuu wa mfanyakazi wa reli kutoka katika Mwazindika kwa jina la uasilia kungeifanya ngoma iwe changa kuliko ilivyokuwa miaka ya 1950.

Niliamua kwamba mwimbishaji asingebadilishwa kwa sababu ya karatasi ya alama, na kwamba ikiwa kuna mtu wa kumrekebisha, basi ni yule aliyeicheza ngoma hiyo pasipo waamuzi. Jumamosi tulipanda matatu, wasichana hao wawili, wapigaji wawili, mwalimu mwenzangu na mimi. Tulipita Mwatate, tukapanda Dembwa, joto la Voi likabaki chini kama blanketi lililovuliwa. Kutoka Wundanyi tuliendelea hadi Werugha, nyumbani kwa nyanya wa mmoja wa wapigaji.

Mwimbishaji ndiye aliyetangulia kuamkia. "Kwawuka mana, nyanya." Bibi huyo alimtazama, akatabasamu. "Wewe ni wa nyumba ya nani?"

"Wa Kaloleni, nyanya."

Alicheka hadi akakohoa. Kisha alitupa viti, akatuletea kimanga, na hakutaka kusikia habari ya ngoma hadi tumalize kula. Tulipomaliza alifumba macho, akamtaka mwimbishaji aimbe. Alimkatiza mara moja tu, akamrekebisha irabu moja, akamwambia aendelee. Baadaye alimsikiliza yule msichana wa pili, naye pia akamrekebisha mahali, jambo ambalo lilimshangaza mtoto wa watu. Mwishoni alitaka waimbe pamoja. Walipomaliza alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza, "Wimbo ni mzuri. Lakini ngoma yenu ina hasira. Nani amemkasirikia nani?"

Huenda mjukuu wake alikuwa amemdokezea. Huenda sikio lake lilitosha. Hakuna aliyejibu. Bibi aliinuka, akarudi na kata ya maji. Alisema kwamba inayofaa ni mbangara, lakini ninyi ni watoto wa shule na mwalimu wenu ananitazama. Kisha akawaeleza maana ya kutasa kwa maneno machache: unalitamka lililo moyoni, unachukua funda, unalipuliza nje, na likishatoka hulifuati kulirudisha. Alianza yeye mwenyewe, akataja kwa sauti kwamba alikuwa na kinyongo na mjukuu wake kwa kutomtembelea tangu Krismasi, akalipuliza funda lake chini. Mjukuu aliinamisha kichwa, sisi tukacheka, na kicheko hicho ndicho kilichofungua mlango.

Msichana wa kidato cha pili alisema kwanza kwa Kidawida, halafu akarudia kwa Kiswahili ili mwenzake asikose neno. Alisema alikasirika kwa sababu alihisi lugha yake imenyimwa kiti katika nyumba yake yenyewe. Mwimbishaji naye alisema alikasirika kwa sababu amezaliwa Voi, hajawahi kuishi pengine popote, na bado anaitwa mgeni. Walipuliza maji yao. Hawakukumbatiana wala kulia. Walikuwa wasichana wa shule mbele ya mwalimu wao. Lakini walirudisha kata pamoja, kila mmoja ameshika upande wake.

Mwalimu mwenzangu alishindwa kujizuia, akauliza moja kwa moja ni nani basi anayestahili kusimama mbele. Bibi alimtazama kama mtu aliyeuliza bei ya kitu kisichouzwa. "Aliyepagawa hakuuliza ni nani anayempigia ngoma," alisema. "Aliuliza kama ngoma inapigwa." Kisha akatupa ushauri wa kazi. Mmoja aite, mwingine amjibu peke yake, ndipo kundi liingie. Ngoma ya zamani, alieleza, haikuwa na mtu mmoja wa mbele. Sauti moja ikichoka nyingine iliipokea, kwa maana usiku ni mrefu.

Hivyo ndivyo tulivyocheza katika ngazi ya eneo. Mwimbishaji aliita, akanyamaza kwa namna yake ile ya kusubiri, na sauti ya pili ikamjibu kutoka nyuma ya duara, kwa Kidawida kisicho na doa. Kiitikio hakikuchelewa tena. Katikati ya wimbo, mlango wa jikoni ulifunguka na mwanamke mmoja, mfanyakazi wa shule ile mwenyeji, akasimama hapo na mwiko mkononi. Sijui nani alimleta Pwani kufanya kazi, ila kiitikio alikijua. Aliitikia kwa sauti, akacheza mabega pale pale mlangoni, na wanafunzi wa shule pinzani waliokuwa karibu naye wakaanza kupiga makofi kwa mapigo yetu. Waamuzi waliendelea kuandika.

Tulikuwa wa nne. Waliofuzu kwenda taifa walistahili. Niliwatazama na sina la kulalamikia. Katika basi baadhi ya wanafunzi walilia, wengine walilala, na yule wa swali la Karatasi ya Tatu alikuja kukaa karibu nami karibu na Mariakani. "Mwalimu, nimepata," alisema. "Hadhira tendi ni yule wa jikoni." Nilimwambia akiandika hivyo kwenye mtihani atoe maelezo.

Sasa nikiwa mwanafunzi wa uzamili, nikizungukwa na nadharia, naona msimu ule ulinifundisha mambo mawili ambayo ningependa kuyaweka mbele ya wanafunzi wenzangu na wahadhiri wetu.

La kwanza linahusu mahali tunapoitafuta fasihi simulizi. Watafiti wengi wa ngoma za shule huja siku ya mashindano na kinasa sauti, hurekodi utendaji wa mwisho, kisha huandika kwamba tamasha limeua uhai wa ngoma. Wanachokisema kuhusu jukwaa ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini jukwaa ni dakika chache za msimu wa miezi mitatu. Kazi ya kale ya ngoma ile, yaani kuitafuta hasira iliyofichika ndani ya kundi na kuitoa, ilifanyika Werugha juu ya kata ya maji, na iliendelea kufanyika katika mazoezi yaliyofuata. Fanani alikuwapo, hadhira ilikuwapo, tukio lilikuwapo, na hata mgonjwa alikuwapo: kundi lenyewe lililogawanyika. Mambo sita ya Mulokozi yalikuwa yamehama kutoka jukwaani, na anayetaka kuyaona hana budi kuyafuata yalikohamia.

La pili linahusu Kiswahili chenyewe. Tumezoea kuzitazama lugha za jamii kama akiba ya kuchotea istilahi na mifano ya tasnifu zetu. Pale Werugha Kiswahili kilifanya kazi nyingine, tena iliyo ya heshima zaidi. Kilitumika ili Kidawida kisikike na asiyekijua vyema asiachwe nje. Msichana yule hakuiacha lugha yake ili aeleweke. Aliisema kwanza, kisha akaifasiri. Kama chama cha wanafunzi wa Kiswahili, nadhani huo ni mfano bora wa sera ya lugha kuliko maazimio mengi tunayoyapitisha katika makongamano.

Mwaka 2024 mwimbishaji wetu alikuwa katika kidato cha nne, mwaka wa mtihani, na sauti ya pili ndiyo iliyosimama mbele. Aliyemjibu kutoka nyuma ya duara, nimeambiwa, ni yule msichana Msomali. Ombi langu kwa wahadhiri wetu ni dogo. Mnapotutuma nyanjani kukusanya ngoma, msitupe mchana mmoja na fomu ya kujaza. Tupeni muhula mmoja, na mturuhusu tubebe ngoma kwenda motoni pamoja na wanaoicheza.